Watoto Walikula Wapi Jana

Sifa zote njema zinamrudia Mwenyezi Mungu, aliyenipa miguu ya kuzungukia nyumba za watu, macho ya kuona, na ulimi uliojua kunyamaza palipohitaji kunyamaza. Namshukuru kwa afya iliyonifikisha siku ya mwisho ya kazi nikiwa bado napanda ngazi za ofisi bila kushika ukuta. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aliyekua bila baba, kisha bila mama, akalelewa na babu na ami. Kwa hivyo anayefanya kazi ya watoto yatima hana ruhusa ya kuiona kazi hiyo ndogo.

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini walinipa saa ya ukutani. Ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameacha kufuata saa, lakini nimeitundika na inatembea vizuri. Walipokuwa wakikusanya vikombe, Rehema, aliye mdogo wao wote, alinivuta kando. "Bi Zuhura," akaniambia, "tuandikie basi. Si yale ya semina. Yale yako." Nikamwambia inshallah. Sasa asubuhi zangu ni ndefu, na ahadi ni deni kwa aliyeitoa, kwa hivyo naandika.

Nilikuwa afisa wa watoto huku upande wa bara wa Mombasa. Miaka mingi nilikuwa Likoni, mingine Changamwe, na kidogo Kisauni, ambako ndiko kwetu. Habari za vyeo na uhamisho nitaziacha. Mnaozitaka mtazipata kwa wenzangu, na wengine watawasimulia hata bila kuulizwa.

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya Likoni nikiwa na viatu vya visigino, mkoba mpya, na cheti nilichokitia ndani ya bahasha mbili kisije kukunjika. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Nyuma ya meza alikaa Bwana Kalume, mkubwa wangu, Mgiriama wa upande wa Kaloleni na mzee wa kanisa, ambaye alikuwa akiimba nyimbo zao kwa sauti ya chini kila akiandika ripoti. Cheti hakukitazama. Alitazama viatu.

"Hivyo vinakwenda wapi?"

"Kazini, bwana."

"Kazi iko Mtongwe, na jana usiku imenyesha."

Kesho yake nilikuja na raba. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kwanza, na hayakuwa na posho.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Raba, mwavuli, mfuko wa nailoni wa kuhifadhi karatasi mvua ikija, na tumbo la kunywea chai. Hili la mwisho alilitilia mkazo sana. Akikaribishwa chai afisa anywe. Akiogopa kikombe, arudi nyumbani akatafute kazi ya benki. Alisema muda ambao chai inatengenezwa ndio muda wa kazi yenyewe. Tazama nani ametumwa, ametumwa na nini mkononi, amerudi kutoka upande gani. Aliniambia pia nisihangaike na sebule, kwa sababu sebule mtu huipanga kwa ajili yako. Tafuta njia ya adabu ya kufika jikoni.

Na jambo la tatu alilonifundisha lilikuwa hili. Usimwulize mtoto kama amekula. Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu, ukimwuliza kama amekula, atakwambia ameshiba, ahsante, hata kama tumbo linamnguruma mpaka unalisikia. Nyanyake amemfundisha hivyo tangu hajajua kuvaa ndara. "Mwulize amekula wapi," Bwana Kalume alisema. "Hilo hakufundishwa kulijibu."

Nililiandika nikidhani ni la kuwapeleleza watoto tu. Maana yake nyingine niliijua baadaye sana.

Miaka ile ya mwanzo serikali haikuwa na kitu cha kuipa familia maskini isipokuwa ushauri, nao tuliugawa kwa wingi. Tulikuwa na unga kidogo wakati wa njaa, barua za kupeleka hospitalini ili mtoto atibiwe, na uwezo wa kwenda kortini kuomba mtoto aondolewe nyumbani. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika hayo matatu, lenye nguvu kweli ni lile la kumwondoa. Ndiyo maana tukipita mitaani akina mama walikuwa wakiwaita watoto wao ndani. Tulijulikana kama watu wa kuchukua watoto.

Nakumbuka baba mmoja wa Changamwe, tanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye malori yanayopakia Kipevu. Mkewe alikuwa amefariki. Alfajiri akienda kupanga foleni bandarini, aliwafungia watoto wake wawili ndani kwa kufuli na kuwaachia sufuria ya uji. Majirani walitaka ashtakiwe. Mimi nami, wakati huo damu ikiwa moto, nilikuwa tayari kuandika kwamba watoto wametelekezwa. Bwana Kalume alimkalisha yule baba kwenye kiti chetu kizuri, kile cha wageni, akamwuliza kwa nini anafunga kufuli. "Barabara iko hapo, mzee," baba akajibu. "Malori ninayajua. Mimi ndiye hupanda nayo."

Alipotoka, Bwana Kalume alisema polepole kwamba mtu yule hana kosa la kutopenda watoto, ana shida ya kukosa mtu wa kumwachia. Tukatafuta mama mmoja jirani, mjane, akakubali kukaa nao. Lakini mama yule naye alihitaji kula, na ofisi yetu haikuwa na fungu la kumlipa. Baada ya muda akapata kibarua cha kufua nguo Mkomani, akaenda. Watoto wakapelekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto. Huko walilishwa vizuri, walivishwa vizuri, na kila Jumapili mdogo wao alikaa langoni kumngoja baba.

Siku tuliyotoka kuwapeleka, Bwana Kalume hakuimba. Njiani aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Zuhura, tumeshindwa kupata kidogo cha kumpa mzazi awalishe wanawe, lakini tumepata kikubwa cha kuwapa watu wengine wawalishe. Hesabu hii aliifanya nani?"

Ndipo miaka ikapita, na serikali ikaanza kutoa fedha kila baada ya muda kwa kaya zinazolea yatima. Watu wakaziita pesa za mayatima. Niliposikia habari ile mara ya kwanza nilisujudu sijida ya shukrani hapo hapo ofisini, kando ya kabati la mafaili, na karani wetu akadhani nimeanguka.

Kama ilivyo ada ya mambo ya serikali, baraka ilikuja na utaratibu wake. Kwanza vijana waliokodiwa kwa kazi hiyo walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali na kutazama vitu: paa ni la nini, kuna viti, kuna redio, kuna tivi. Kisha majina ya waliofaulu, yaani waliofaulu kuwa maskini, yalisomwa kwenye baraza la chifu mbele ya watu. Wananchi wangesema kama ni kweli, na aliyesahauliwa angeweza kusemewa na majirani zake siku hiyo hiyo. Baraza likiisha, mlango umefungwa mpaka awamu nyingine, na hakuna aliyejua awamu nyingine itakuwa lini.

Utaratibu huo ulitungwa na watu wenye nia njema. Lakini waliufikiria umaskini kama kitu ambacho mtu hukionyesha akiombwa.

Siku chache kabla ya baraza la mtaa wa Shika Adabu, huko Likoni, mwalimu mmoja alikuja ofisini. Alikuwa na mwanafunzi wa darasa la saba, Saumu, ambaye siku nyingine haji, na akija hulala juu ya dawati. Saumu, ndugu yake Bakari, na mdogo wao Tima walikuwa wanalelewa na nyanya yao, Bi Mishi, baada ya mama yao kufariki. Baba alikwisha kutangulia. Bi Mishi alikuwa muuza mahamri na mbaazi barazani kwake kwa miaka mingi, mpaka miguu ikamvimba ikakataa. Mwalimu aliona heri wale wadogo wawili wapelekwe kwenye nyumba ya watoto, ambako nafasi ilikuwapo, na Saumu aende kwa shangazi yake kijijini. Sote tulijua mtoto wa kike wa umri ule akienda kwa shangazi aliye na watoto wengi anakwenda kufanya nini.

Nikatafuta jina la Bi Mishi kwa waliochaguliwa kupata zile fedha. Halikuwapo. Vijana walikuwa wamemtembelea na kuandika kwamba nyumba ina kochi, zulia na tivi. Mwalimu alisema watoto wana njaa, vijana walisema nyumba ina kochi. Nikavaa raba zangu.

Nilituma salamu mapema kwamba nitakuja, kwa maana hatuingii nyumbani kwa mtu mzima kama askari. Nilipofika nikapiga hodi.

"Karibu, mwanangu. Starehe, starehe, pita ndani."

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba. Wazima kwako?"

"Alhamdulillahi, sote wazima."

Kwa kweli kochi lilikuwapo. Kubwa, la rangi ya zambarau, limejaa chumba mpaka mlango haufunguki wote. Chini yake kulikuwa na zulia, na juu ya stuli, tivi. Nikakaa. Watoto waliingia mmoja mmoja kunisalimu kwa adabu, kisha wakaenda kukaa sakafuni, mbali na kochi, kama watoto waliopelekwa nyumba ya watu wakaambiwa wasiguse kitu. Nikautazama waya wa tivi. Ulikuwa umekunjwa vizuri nyuma ya stuli, na ukuta wote haukuwa na mahali pa kuuchomeka. Nyumba haikuwa na stima.

Bi Mishi akanimiminia chai ya rangi kutoka kwenye chupa. "Tima!"

"Abee, nyanya."

"Nenda pale, mwambie akupe ile."

Tima akatoka mikono mitupu, akarudi na sukari ndani ya kipande cha gazeti. Alirudi kutoka upande usio na duka.

Adhana ya adhuhuri ikasikika, nami nikamshukuru Mungu kwa kuniwekea kazi yangu na ibada yangu njia moja. Nikamwomba Bi Mishi mswala na maji. Akanielekeza uani. Pale uani ndipo palipokuwa na jiko lake, mafiga matatu chini ya bati. Majivu yalikuwa yamenyeshewa yakaganda, na katikati ya mafiga kuku wa jirani alikuwa ameatamia mayai yake kwa utulivu wa mtu aliyelipa kodi. Chai niliyokunywa ilikuwa moto. Haikuchemshiwa hapo.

Nikatawadha, nikaswali. Mswala wake ulikuwa mkuukuu, umelika pale pa magoti na pale pa kipaji. Kilikuwa ndicho kitu pekee mle ndani kilichofanana na mwenye nyumba.

Nilipomaliza, watoto walikuwa wametoka. Nikamwambia, "Bi Mishi, jiko lako halijawaka."

"Leo nimefunga."

"Na jana?"

"Mwanangu, usinipekue."

Akatazama kochi, akatazama mimi, akacheka kidogo puani. "Ni la Mama Mutua, hapo nyuma. Zulia la Bi Riziki. Tivi hata sijui ya nani, waliileta tu. Sasa wewe niambie: mgeni wa serikali anakuja kwako na karatasi zake, wewe umkalishe chini? Mamangu angefufuka anizabe kofi."

"Wale vijana wameandika una kochi."

"Si wamelikalia? Waandike."

Tulicheka, ingawa halikuwa la kuchekesha. Hapo nilielewa. Mtaa mzima ulikuwa umemwazima heshima kwa ajili ya wageni, na wageni wakaichukua heshima ile wakaipigia hesabu. Hakuna aliyesema uongo. Huku kwetu mtu humsitiri mgeni asione shida ya nyumba, na jirani humsitiri mwenye nyumba asiaibike mbele ya mgeni. Aliyetunga yale maswali hakulijua hilo, na waliojibu hawakujua kwamba siku ile sitara ingewagharimu.

Nikamweleza juu ya baraza, kwamba majirani wakimsemea jina lake litaingia. Akatikisa kichwa. Miaka yote aliyouza mahamri, hakuna mwombaji aliyepita barazani kwake akaondoka mtupu. Alikuwa mtu wa kutoa sadaka, hakuwa wa kuipokea.

"Bi Mishi, hii si sadaka," nikamwambia. "Kila ngano uliyonunua, kila sukari na mafuta, ndani yake mlikuwa na kodi. Umekuwa ukiweka kwa serikali tangu ujana wako, na mama yao watoto vile vile. Ile ni amana. Sasa watoto ni yatima, na amana inawarudia. Wao ndio wenyewe. Wewe utawapokelea tu."

Akalifikiria. "Wewe Kurani chuoni ulisomeshwa na nani?"

"Na babangu."

"Alikusomesha vizuri. Mungu amrehemu." Akavuta kikombe kitupu. "Lakini siwezi kukaa barazani watu waseme Mishi ana njaa, na mimi nasikia. Siwezi, mwanangu. Bora hao wadogo waende huko kwenye hiyo nyumba. Wakale."

Alilisema hilo neno "wakale", kisha akachukua leso akaanza kufuta kikombe kilichokuwa kikavu.

Nilirudi ofisini moyo mzito. Kama hakuna wa kumsemea barazani, jina halitaingia, na jina lisipoingia, faili la mwalimu lingeendelea na safari yake na watoto watatu wangetawanywa. Na kama majirani wangesimama kueleza dhiki yake mbele ya watu wote, wangekuwa wamemvua nguo mama ambaye walikuwa wamehangaika kumvika. Nikampelekea shida hiyo Bwana Kalume, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu na nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Utaratibu unataka watu waulizwe," akasema. "Swali lenyewe haukuliandika. Tafuta ambalo halitamtia haya mama wa watu." Akarudi kwenye ripoti yake na wimbo wake.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya chifu, chini ya turubai la kukodi. Wanaume walikaa mbele, wanawake ubavuni. Bi Mishi alikuja, nadhani kwa sababu chifu ameita na yeye si mtu wa kukataa mwito. Alikaa nyuma kabisa, buibui kalivuta mpaka puani, na wajukuu hakuwaleta.

Majina yakasomwa. Watu wa baraza mnawajua. Likasomwa jina la bwana mmoja, sauti ikatoka nyuma, "Huyo ana pikipiki!"

"Ya kukodi!" yeye akajibu.

"Na yule ng'ombe?"

"Wa shemeji!"

"Basi tupe shemeji tumwandike." Watu wakacheka, chifu akapiga meza.

Majina yalipokwisha nikaomba ruhusa. Nikasimama. "Chifu, na nyinyi wazee na akina mama, asalam aleikum, na hamjambo. Mimi sitauliza nani ana dhiki na nani hana. Nina swali dogo tu juu ya watoto watatu: Saumu, Bakari na Tima, watoto wa marehemu Halima. Nataka kujua, jana walikula wapi?"

Niliwaona watu wakitazamana. Kisha akasimama Mama Mutua, mwenye kochi, mama wa Kikamba ambaye mumewe ni kibarua wa bandari. Alikuwa na mtoto mgongoni.

"Jana jioni walikula kwangu. Githeri. Yule mdogo anachagua maharagwe anaweka kando, yeye anataka mahindi peke yake." Watu wakacheka. Akakaa.

Bi Riziki akasimama kwa shida, akishika bega la jirani. "Haya, mchana walipita kwangu. Muhogo. Kwani wewe, Mama Mutua, huwalisha jioni?"

"Kila siku ile niko nayo."

"Mimi nilijua ni mimi tu."

"Asubuhi mimi huwapa chai," akasema fundi wa baiskeli wa pale kona, bila kusimama, akitazama chini kama aliyeshikwa na wizi. "Yule mvulana hunisaidia kushika tairi. Nilijua hana pengine."

Nyumba baada ya nyumba, wakajitokeza. Kila mmoja alikuwa akiwalisha watoto wale kimya kimya, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na hakuna aliyemwambia nyanya yao, kwa kuchelea kumwumiza. Nikafikiri nimepata nilichokitaka. Lakini Mama Mutua akasimama tena.

"Chifu, wacha niseme ukweli yote. Mimi si mtu mzuri vile munafikiria. Mzee yangu akienda Kipevu akose kuitwa, hata wangu wanalala na uji. Hiyo siku mimi hufunga mlango mapema, ndio hao watoto wakipita wasione moto. Nasikia wakipita. Tima huwa anaimba. Hiyo ndio kitu inaniuma."

Nilimwona chifu akivua kofia akaiweka mezani.

Nyuma, Bi Mishi alikuwa amesimama. Nilitaka kumwambia akae, kwamba hakuna aliyemwuliza lolote, lakini alikuwa ameanza kusema, sauti yake ndogo na kila mtu akageuka.

"Saumu akiniambia amekula shule. Bakari akiniambia ameshiba. Mimi nikijua nawasitiri wajukuu wangu." Akawatazama majirani. "Kumbe ni nyinyi mlionisitiri mimi. Mungu awalipe. Lakini Mama Mutua hakuzaa wanane, amezaa watano. Asifunge mlango wake kwa ajili yangu." Akanielekea. "Ile amana ya watoto uliyoniambia. Iandike, mwanangu."

Chifu akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna. Ndipo Mama Mutua akasema, "Na ile kochi, nyanya, usiharakishe kurudisha."

"Kochi gani?" chifu akauliza.

Bi Mishi alikuwa anacheka nyuma ya buibui lake, machozi yakimtoka.

Fedha zile hazikumtajirisha mtu. Zilikuwa kidogo, na siku nyingine zilichelewa mpaka mtu akazisahau. Lakini jiko liliwaka, na kuku alitafuta pengine pa kuatamia. Faili la mwalimu nililifunga kwa mkono wangu, mwalimu mwenyewe akafurahi kuliko mimi. Saumu akaacha kulala darasani. Leo anafundisha watoto wa chekechea, na nasikia ni mkali.

Nyinyi vijana mtakutana na watu watakaowaambia kwamba maskini hutunzwa na majirani na dini, serikali isijiingize. Mimi ni mtu wa dini, na nimeona majirani wakifanya ambayo sijaona serikali ikifanya. Sadaka na zaka hazitaondoka, wala tusiombe ziondoke. Lakini kumbukeni mama aliyefunga mlango mapema. Hakupungukiwa na imani wala huruma. Mumewe hakuitwa kazini siku hiyo. Chakula cha mtoto yatima wa Shika Adabu hakifai kutegemea kama msimamizi wa bandarini amemnyooshea kidole mtu fulani asubuhi. Kazi ya serikali, kwa ninavyoielewa mimi, ni kuwa jirani wa mwisho, yule ambaye hana haja ya kufunga mlango. Na kazi yenu nyinyi ni kuhakikisha jirani huyo hawaaibishi watu wanapopokea kilicho chao.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kumuaga Bi Mishi. Sikutuma salamu, kwa kuwa sikuwa tena mgeni. Bwana Kalume, ambaye tulikwisha kumzika kwao, angenisuta kwa hilo. Mlango ulikuwa wazi wote. Kochi halikuwapo, zulia halikuwapo, na chumba kilionekana kikubwa kuliko nilivyokikumbuka. Kutoka uani ilikuja harufu ya mbaazi zikichemka kwenye tui.

Nikapiga hodi. Alikuwa amekaa chini, miguu kainyoosha, anachambua mchele. Hakuinuka, na hakumtuma mtoto popote.

"Karibu, Zuhura," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Akasogeza ungo, akapangusa mkeka kwa kiganja, mkeka wake mwenyewe aliousuka, wenye kingo zilizofumuka. "Kaa hapa chini na mimi."

Nikavua raba zangu mlangoni, nikakaa.

Mwenyezi Mungu ambariki kila atakayesoma haya. Amjaalie jiko lisilopoa, na jirani anayejua alipokula jana. Na watoto wake, akiwapo na akiwa hayupo, wasikose mlango ulio wazi. Amin.